Mafuta niliyompaka mbwa wa Mama Julienne

Jumanne, mwezi wa saba. Asubuhi baridi ilikuwa ya kuvaa koti, na sasa alasiri vumbi limepanda mpaka jua halionekani vizuri. Nimefunika cherehani mapema. Sina mkono wa kushona leo.

Kwa anayepita kwenye ukurasa huu mara ya kwanza: mimi ni fundi cherehani, hapa Kolwezi, mji wa migodi kusini mwa Kongo. Mume wangu yuko mji wa Kisenge kikazi, nami naishi na mama yake, Kaku, bibi wa Kikasai ambaye ana dawa ya kila kitu na maoni juu ya yale yasiyo na dawa. Na tangu mvua zilipokatika, nina mbwa.

Sikumtafuta. Alikuwa wa Mama Julienne, ng'ambo ya barabara, kabla mgodi haujapanuka na safu yao ya nyumba kubomolewa. Walipewa kiwanja mbali, nje ya mji. Lori likaja, wakapakia vitanda, sufuria na mabati, wakapanda. Mbwa hakupandishwa. Alilikimbilia lori hadi barabara kuu, akarudi, akakaa chini. Nilikuwa namwona kila nikienda sokoni. Nikapita, nikapita, hata siku moja miguu ikagoma kupita. Nikamfunga kipande cha kitambaa shingoni nikamleta nyumbani.

Kaku alimtazama, akasema, "Ule haiko imbwa. Ule ni bidonda bina miguu."

Hakukosea sana. Mgongo wake haukuwa na manyoya, kuanzia mabegani hadi mkiani. Ngozi ilikuwa nene, ya kijivu, imepasukapasuka kama kisigino cha mkulima. Masikio yalitoka majimaji. Alijikuna mpaka akaanguka, na akiwa chini aliendelea kujikuna. Harufu sitaisimulia. Mteja wangu mmoja aliniuliza kwa adabu kama kuna panya amefia darini.

Nikamwita daktari wa mifugo. Akamchoma sindano, akaniachia sabuni ya salfa, akanieleza: nimwoshe, nimkaushe vizuri, nimlaze mahali pasafi, nichemshe matandiko yake. "Bidonda bibakie bikavu, mama. Usitie kitu ingine." Nilimsikia, na nilimwelewa. Naandika hivyo ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba sikuambiwa.

Basi nikafanya. Maji ya uvuguvugu, sabuni, kisha kumwacha na povu lake huku nikimwimbia nyimbo za kwaya ili atulie, maana povu likikauka anataka kukimbia. Kumsuuza. Kumkausha juani kwa shuka kuukuu. Matandiko niliyachemshia kwenye sufuria ambayo Kaku sasa hataki kuiona jikoni. Na ili asijilambe, nikamshonea fulana ya mabaki ya kitenge cha sikukuu ya wanawake. Ilimkaa vizuri, nasema kama fundi. Mtaa mzima ulitoka kuangalia. Jirani yangu Tata Ilunga alisimamisha pikipiki yake ili acheke kwa raha. "Mama, ule imbwa unamuvalisha kupita bwana yako!"

Nilicheka pia. Wakati ule kulikuwa na sababu ya kucheka, kwa kuwa ngozi ilianza kulainika na nywele changa zilichomoza mabegani. Nilimpiga picha nikamtumia mume wangu. Nilijiona daktari.

Halafu vidonda vikarudi, vibaya kuliko mwanzo.

Hapo ndipo Kaku akaleta mafuta. Kwao Kasai, mtoto mwenye upele hupakwa mawese yaliyochanganywa na unga wa salfa, naye alilea watoto wengi kwa dawa hiyo na wote wana ngozi nzuri, mume wangu akiwemo. "Ngozi inakauka, weye unanawisha tu, unanawisha tu. Mupake mafuta, mama. Imbwa haiko sahani." Nilikuwa nimechoka, na maneno yake yalikuwa na akili. Ngozi iliyopasuka inataka mafuta, nani hajui hivyo? Nikachukua mawese.

Nilimpaka kila asubuhi, shingo mpaka mkia, sikubana mkono. Nikamvisha fulana juu yake, nikamfungulia mlango wa uani anyooshe miguu. Tangu alipopata nafuu ya kwanza alikuwa akitoka na kurudi jioni. Nilidhani anakwenda kwa wauza nyama, kama mbwa wengine wote wa mtaa.

Kadiri nilivyompaka ndivyo alivyooza. Vidonda vilivyokuwa vimefunga vikafunguka. Mgongo ukawa mwekundu, ukavuja, ukashikana na kitenge hadi nikawa namvua fulana kwa maji ya moto kidogo, yeye akilia kwa sauti nyembamba ambayo sijawahi kuisikia kwa mbwa. Nikaona mafuta hayatoshi. Nikaongeza.

Jana, nikifua ile fulana, niliigeuza ndani nje, na maji yakawa meusi. Nikamwaga, nikatia mengine, yakawa meusi tena. Chini ya beseni kulibaki mchanga mzito wenye vipande vidogo vya kijani. Hapa kwetu hakuna asiyelijua vumbi hilo la mawe ya shaba. Watoto wanalijua kabla ya kujua kusoma.

Leo asubuhi sikumpaka kitu. Nilimfungulia mlango nikamfuata.

Hakunusanusa, hakutazama kushoto wala kulia. Alivuka barabara kama mtu aliyechelewa kazini, moja kwa moja hadi ilipokuwa nyumba ya Mama Julienne. Nyumba haipo. Kuna shimo, kuna rundo la mawe, kuna bwawa la tope ambapo wachimbaji wanaosha madini, na karibu yake vijana wanaponda mawe kwa nyundo na kujaza mifuko. Kilichobaki ni kipande cha saruji cha baraza, hakizidi mkeka. Mbwa alipanda juu yake, akazunguka, akalala, pua yake ikielekea barabara ile liliyopitia lori.

Kila nyundo iliposhuka, vumbi liliinuka na kumwangukia.

Mmoja wa wachimbaji aliniona nimeduwaa. "Mama, uyu ni directeur wetu," akasema. "Anaingiaka ku kazi mbele yetu. Tunamupatiaka bukari kidogo." Nikamuuliza kwa nini wanampa ugali wao badala ya kumfukuza. Akanishangaa. "Tumufukuze wapi? Pale ni kwake."

Angusha andazi lililotoka kwenye mafuta katika mchanga, kisha jaribu kulipangusa. Ndivyo nilivyokuwa nikimfanyia. Kila asubuhi namtia mafuta mengi, namtuma akalale chini ya vumbi la madini, linapenya kitenge changu kizuri na kumganda kwenye vidonda vibichi, na kitenge hichohicho kinalizuia lisianguke. Ningemwacha mkavu, angejikung'uta na kubaki na nusu yake. Mgodi ulileta vumbi. Gundi niliileta mimi, kwa mikono hii, na kwa upendo.

Nilimrudisha nyumbani nikamwosha mpaka maji yakawa meupe. Alitetemeka muda wote. Ngozi ilitoka pamoja na povu, na niliogopa kuangalia nilichoshika. Kaku alikaa chini kwenye udongo, na magoti yake yale mabovu, akamshika kichwa. Hakusema kuhusu mafuta, wala kuhusu watoto wake wenye ngozi nzuri.

Nikampigia daktari. Hakunikemea, na ingekuwa afadhali angenikemea. Alisema sabuni ni ileile, sindano itarudiwa, lakini mbwa asiguse tena vumbi lile. Akiendelea kulala pale hakuna dawa. Kisha akashusha sauti, akasema kwamba ikiwa ninaona anateseka sana ipo sindano nyingine, ya kumpumzisha, na kwamba hatanihukumu.

Nikamfunga kamba.

Nilidhani atabweka. Hakubweka. Alivuta. Alivuta kuelekea barabara mpaka akakabwa, akakohoa, akavuta tena. Niliweka bukari na samaki mbele yake, akakanyaga sahani akivuta. Nikabadilisha kamba kwa mkanda mpana wa kitambaa laini, nikaushona haraka haraka, ukamkata vilevile kwenye kidonda cha shingo. Hakuwa akishindana na mimi. Nadhani hata hakukumbuka kwamba nipo.

Lazima niseme jambo moja hapa. Nyumba yetu nayo ina namba ya kubomolewa ukutani, ya rangi nyekundu. Watu wa mgodi walipita kupima kabla ya Pasaka. Kaku anasema yeye hatapanda lori lolote, kitovu cha mwanawe, mume wangu, kilizikwa katika uwanja huu na hapa ndipo atakapokaa. Mimi humjibu kwamba ni maneno ya uzee. Leo nilipomwangalia yule mbwa anavyovuta, nilijua mama mkwe wangu anasema kweli tupu, na kwamba siku hiyo nitakuwa mimi ninayemvuta upande mwingine, nikimwambia ni kwa afya yake.

Ni Kaku aliyeniambia basi. "Mufungue, mama. Kamba itamuua mbele ya bidonda."

Nikamfungua. Sikumpaka mafuta, sikumvisha fulana. Alisimama mlangoni kidogo, kisha akaenda polepole, mgongo wake mwekundu ukiwa wazi kwa nzi na kwa macho ya watu. Tata Ilunga alikuwa nje. Safari hii hakucheka, akageukia pikipiki yake na kujifanya anaitengeneza.

Nimelia, ndiyo. Nimelia kwa ajili ya mbwa nikiwa na umri huu, katika mji ambao watu wanafukiwa mashimoni na sisi tunaendelea kupika. Nani atanielewa? Sijali sana.

Kesho sitamfunga. Nitabeba beseni, dumu la maji safi na ile sabuni, nitakwenda pale. Nitafagia baraza la nyumba isiyokuwepo. Nitalimwagia maji ili vumbi litulie, nitatandika shuka iliyochemshwa, nitamwosha palepale alipochagua kukaa, na kesho kutwa hivyo hivyo. Wachimbaji watacheka, wateja watangoja nguo zao. Nilipompigia daktari tena kumweleza, aliniuliza kama naamini hiyo ni tiba.

Ninaosha kidonda ambacho vumbi litakirudia kabla hakijakauka. Sijui kama ninamtibu au ninamsindikiza.