Samaki wa Nyuma ya Kabati

Robi na Jenipher,

Uji uko kwenye chupa. Nimetangulia Butiama, misa ya kumwombea baba yenu ni saa nne. Robi, usije na ndala.

~~Fundi rangi akija, aanze na ukuta wa sebuleni.~~ Hapana, mwambieni asiuguse.

Asubuhi nilisogeza kabati ili nimpishe. Mnajua baba yenu alikuwaga anachora samaki ukutani kila mtoto akizaliwa: Robi sato, Jenipher ningu. Kumbe nyuma ya kabati kuna wa tatu, dagaa mdogo, amechorwa mpaka mapezi. Ni yule mdogo wenu aliyefariki siku aliyozaliwa. Jua likamwangukia, nikamwona kama anaogelea, nikakaa chini namtazama mpaka chai ikapoa.

Miaka yote hii nilidhani namkumbuka peke yangu.

Mama