Siku Tuliyopokea Wakwe Musoni Plaza

Nakivale,
Jumapili, 14 Septemba 2014

Mpendwa Yaya Madeleine, dada yangu mkubwa,

Nakuandikia nikiwa mzima, ila miguu inaniuma kwa sababu ya viatu virefu nilivyovivaa jana tangu asubuhi hadi jioni. Natumaini barua hii itakukuta Uvira ukiwa na afya, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa vumbi kimetulia. Wasalimie majirani wote wa Mulongwe na watoto wa darasa lako. Hapa mvua imeanza, maharage yameshika vizuri, na binti yangu Eliane anakusalimu kwa mikono miwili. Habari ni yake, lakini mdomo ni wangu, kwa hiyo nimechukua kalamu.

Ningeweza kupiga simu. Lakini simu hukatika pale mtu anapoanza kuona utamu, halafu kuna jambo moja huko mwisho ambalo nisingeweza kulisema huku nasikia pumzi yako. Nivumilie, tutafika.

Nilishakueleza kuhusu Arthur, yule kijana wa Mbarara aliyekuja kambini kutengeneza mashine ya kusaga, mashine ikapona upesi lakini yeye akaendelea kuja kuiangalia. Baba yake ni Sajenti Naboth, anaishi kwenye kambi ya jeshi pale Mbarara na mkewe Provia. Mwezi wa nane walileta neno kwamba wanataka kuja kuposa. Ni desturi, wakwe wanakuja nyumbani kwa binti. Ndipo Provia akauliza nyumbani kwa binti ni wapi. Arthur hajui kuficha kitu, alimwambia Eliane kila neno: kwamba mama yake aliuliza kama dada zake watakalishwa juu ya madumu chini ya turubai, na kama mtu akioa kwa wakimbizi anatakiwa aende na blanketi zake.

Eliane alilia jikoni akasingizia moshi. Moto wenyewe ulikuwa haujawashwa. Mimi hasira zilinipanda mpaka masikio yakawa moto, maana nilijua binti akiingia nyumba ya watu akiwa amedharauliwa mlangoni, atazeeka akiwa mlangoni. Nilitaka aingie kwa Provia akiwa ameinua kichwa, hilo tu. Nisikudanganye, nilitaka pia Provia ainamishe cha kwake kidogo.

Nikaanza kutafuta mahali. Nilivuka mto Rwizi hadi Nyamitanga kuangalia nyumba ya wageni ya masista. Pasafi, maua kila upande, ila sista alinieleza kwa adabu kwamba vigelegele haviruhusiwi, na mimi posa bila vigelegele siijui. Nikaenda Nyamityobora kuona ukumbi wa mfanyabiashara mmoja, ukuta kwa ukuta na mashine ya kusaga; ukisema ndiyo, watu wanasikia hapana. Nilitoka pale na unga mabegani, nikainua macho, nikaiona hoteli ya Musoni Plaza imesimama katikati ya mji na ghorofa zake sita na vioo vyake. Nikajiambia, wewe mwanamke ni mjinga, unazunguka juani na kadi ya dhahabu iko kwenye pochi.

Kadi yenyewe iko hivi. Unajua kazi yangu ya ukalimani kwenye shirika. Kila semina ikifanyika Mbarara, shirika linatulaza Musoni Plaza. Miaka minne iliyopita Clare, dada wa mapokezi, alinipa kadi ya kijani akasema kila usiku ninaolala pale unaandikwa. Usiku kumi ni kadi ya fedha, usiku hamsini ni ya dhahabu. Wakalimani wenzangu walikuwa wanakwenda kulala kwa jamaa zao, wakanicheka kwamba nakusanya usiku kama mtoto anayekusanya vifuniko vya soda. Mwezi wa pili mwaka huu nikafikisha hamsini. Mwenye dhahabu ana haki zake, zimeandikwa kwenye kijitabu, na kijitabu hicho nimekisoma kama Zaburi.

Basi nilimwendea Clare, nikakodi chumba kimoja cha kawaida kwa usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi, nikafungua kijitabu. Ukurasa wa pili unasema kama kuna chumba kikubwa kilicho wazi, mwenye dhahabu anahamishiwa humo bila kuongeza kitu. Nikapewa switi, chumba chenye sebule yake na bafu ambalo ungeweza kufundishia darasa lako lote. Ukurasa wa tatu unasema watu wengine wanatoka saa nne asubuhi, mwenye dhahabu anatoka saa kumi jioni. Nikachukua hiyo pia. Ukurasa wa nne unasema mwenye dhahabu na familia yake wanakaribishwa kwenye sebule ya ghorofa ya sita, chai, maji ya matunda na vitafunwa ni juu ya hoteli. Clare akaniuliza familia yangu ni wangapi. Nikamwambia kwa sasa ni ishirini na wawili. Akacheka, akaona sicheki, akamwita meneja. Meneja akanieleza kwamba familia ni mume, mke na watoto. Nikamwomba anionyeshe pale palipoandikwa hivyo. Akapekua kijitabu mbele, akapekua nyuma. Nikamweleza kwa upole kwamba kwetu Kivu mtu mwenye familia ya watu wanne anahurumiwa. Mwishowe alisema ishirini na wawili, lakini asione wa ishirini na tatu.

Sasa sikia neno moja linavyoweza kuvuruga dunia. Nilirudi kambini nikatangaza kwamba tutapokea wakwe hotelini. Kwetu, unajua mwenyewe, mwanamke akisemwa analala hotelini hakuna anayeuliza zaidi. Mama Constance, kiongozi wa akina mama wa kanisa, ambaye ndiye alikuwa aongoze vigelegele, alinivuta pembeni. “Bamama ba kanisa habaendake mu oteli,” aliniambia. “Batu batasema nini?” Ilinibidi nimpeleke Mbarara siku ya Alhamisi, nimpandishe ghorofani, nimketishe, nimnyweshe chai. Alipofika kwenye biskuti ya tatu akasema Mungu ni mwingi wa njia. Hata hivyo jana akina mama walikuja kila mmoja na Biblia mkononi, imeshikwa juu kifuani, ili watu wa mjini wasiwe na mashaka wamekuja kwa kazi gani.

Upande wa pili neno lilipotelea kwingine. Arthur alikuwa Kampala akitafuta vipuri, akawapigia wazazi wake akawaambia mama Eliane atawapokea hotelini, kwa Musoni, Jumamosi saa nne. Kumbe kwa watu wa kambi ya jeshi hoteli ni pale wanapouza posho, yaani ugali, na maharage. Tena Nyamityobora kuna mzee anaitwa Musoni mwenye hoteli ya namna hiyo, yenye mabenchi mawili na sufuria nje.

Saa nne ikafika, tumejipanga kwenye ghorofa ya sita, vitenge vimepigwa pasi, Eliane amefichwa kwenye switi. Saa tano hakuna mtu. Saa sita Mama Constance akaanza kuomba kwa sauti. Yaya, nilisimama dirishani nikitazama barabara, na nikakata tamaa kabisa. Niliona wametudharau hata pale, kwamba wamekaa kwao wanacheka. Eliane alitoka mafichoni akaniambia twende nyumbani, akaanza kuvua hereni.

Ndipo simu yangu ikalia, ni Arthur. Alikuwa ameshuka kwenye basi na kuwakuta watu wake kwa mzee Musoni wa Nyamityobora, wamekaa kwenye mabenchi tangu saa nne kasorobo. Walikuwa wameshakula sahani ya maharage kila mmoja, wakidhani ndiyo mapokezi, na wanasubiri mwenye shughuli atokee. Provia alikuwa amekuja na sapatu na gauni la kushindia, kwa kuwa alijiambia hakuna haja ya kuchafua nguo nzuri.

Walifika kwa boda boda kumi, wanafuatana. Nilishuka kuwapokea mlangoni. Bawabu akawafungulia mlango wa kioo, na Clare akasema kama anavyomwambia kila mwenye dhahabu: karibu nyumbani. Nilimwona Provia akitazama sakafu inayong'aa, kisha sapatu zake, kisha mimi. Sajenti Naboth, mtu aliyepigana vita nisivyovijua, alishika ukuta wa lifti kwa mikono miwili. “Hii chumba inatembea kwenda wapi?” aliuliza, na hakuna aliyethubutu kucheka. Niliona raha, Yaya. Niliona raha ambayo sijaiona tangu tuvuke mpaka.

Lakini tulipofika juu, Provia aliketi akasukuma miguu yake chini ya kiti, vidole vyote vikajikunja. Raha yangu ikapungua. Mtu anayeficha miguu namjua, nimeificha miaka mingi. Nikamshika mkono nikampeleka kwenye switi. Nilimfungulia maji ya moto, nikampa kitenge changu cha akiba na viatu vyangu vya kurudia nyumbani. “Mimi nakula maharage huko, nangoja wewe,” alisema akiwa anajikausha. “Sasa mimi naona haya.” Nikamwambia haya tuliyokuwa nayo sisi inatutosha sote wawili. Tukacheka mpaka Eliane akagonga mlango wa bafu.

Halafu, akifunga kitenge, Provia akaniuliza swali. Barua ya kanisa tuliyowapelekea inasema mama wa binti ni Yvette. Kwa nini basi yule dada wa mapokezi kule chini aliniita mimi Madame Madeleine?

Yaya, tumefika.

Tulipokimbia mwaka 1996, wewe ukabaki na mama mgonjwa, nilibeba sanduku la bati. Ndani yake, chini ya nguo za Eliane mchanga, mlikuwa na diplomu yako ya Serikali, ile ya kumaliza sekondari. Sikuiba siku ile, sikujua imo. Lakini shirika lilipotafuta wakalimani lilitaka mtu mwenye diplomu, na mimi nilikuwa na lugha tano bila karatasi hata moja. Nilipeleka yako. Tangu siku hiyo ofisini naitwa Madeleine, na hotelini vilevile. Eliane anadhani ni jina langu la ubatizo. Ulipoandika mwaka 2006 kuuliza kama niliiona diplomu yako sandukuni, kwa sababu shule ilikataa kukuandika kama mwalimu kamili bila hiyo, nilikujibu kwamba sanduku liliungua. Halikuungua. Ninalikalia sasa hivi ninapoandika. Nimelala usiku hamsini kwenye shuka nyeupe kwa jina lako, na wewe miaka minane umekuwa msaidizi wa darasa unalolifundisha mwenyewe. Ninaona aibu, na sina namna ya kuisema iwe ndogo.

Yote haya nilimwambia Provia, nikiwa nimekaa ukingoni mwa bafu. Nilijua nimemvunjia Eliane kila kitu nilichomjengea. Alikaza fundo la kitenge. Kisha akauliza kama wewe unajua. Nikasema hujui. “Sasa kwa nini unaambia mimi?” alisema. “Ambia yeye kwanza. Mimi ni wa pili.” Akavaa viatu vyangu, akatoka. Kule sebuleni Naboth alipouliza Madeleine ni nani, Provia ndiye aliyejibu, akasema ndiye mama mkubwa wa binti, kwamba nyumba yote ya binti inasimama juu ya jina lake. Akasema pia mbele ya dada zake kwamba mtoto huyu wanamchukua kutoka nyumba ya watu. Eliane alikuwa amesimama wima. Vigelegele vya Mama Constance vilifika mpaka barabarani, meneja akapanda juu kuhesabu watu, tukamkalisha tukampa chai yake mwenyewe.

Posa imepokelewa. Ng'ombe wanakuja tarehe 13 Desemba, na Naboth anataka wakabidhiwe mikononi mwako, si mwangu.

Saa kumi jioni, nikirudisha ufunguo, nilimwambia Clare ukweli na kumwomba aandike jina langu kwenye kadi. Akasema hoteli haihamishi usiku wa mtu kwenda kwa mtu mwingine. Usiku ule hamsini umeandikwa Madeleine, na utabaki wa Madeleine; mimi akanifungulia kadi mpya ya kijani yenye usiku mmoja, ule wa juzi. Kwa hiyo, Yaya, wewe ndiye mwenye dhahabu wa Musoni Plaza. Panda basi Bujumbura hadi Kigali, kutoka Kigali ushukie Mbarara. Chumba kikubwa ni chako, na ukurasa wa nne unaujua sasa. Kesho naingia ofisini kusema mwenyewe kabla mtu hajasema. Wakinifukuza, lugha tano zitabaki mdomoni mwangu, na sokoni hakuna anayeomba karatasi.

Diplomu yako imo ndani ya bahasha hii, katikati ya kadibodi mbili ili isikunjwe. Ipeleke shuleni hata kabla hujaamua kama utanisamehe. Kadi ya dhahabu nimeifunga pamoja nayo.

Wasalimie wote wanaoniulizia, na wasioniulizia pia. Eliane anasema atakusubiri kituoni siku nzima ikibidi. Mungu akulinde njiani.

Ni mimi mdogo wako,

Yvette,
kadi ya kijani, usiku mmoja.