Kiini Kilichokuwa cha Kutupwa

Bujumbura, Februari 2004

Mama yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu nyingi hapo Lweba. Mgongo unaendeleaje, bado unakusumbua ukiamka? Na paa, limeshaezekwa? Mimi niko mzima, namshukuru Mungu.

Mjomba Anatole amenifikishia maneno yako: vita imekwisha, batu banarudi, na mi kila mwaka niko na kisingizio. Ati unajiuliza ulinikosea nini. Mama, hukunikosea. Nitakueleza, ila acha nianze na mwembe wako, nipate nguvu.

Askari walipoanza kukata miti ya pale nyumbani wapate kuni, mjomba aliwahi kuchuma maembe machanga akavuka nayo ziwa. Niliyapeleka maabara ya kuotesha miche, kwa Madame Constance, aliyeniajiri kuosha chupa kabla ya kunifundisha kazi yenyewe. Tunapasua kokwa changa, tunatoa nyama laini ya ndani, tunailaza kwenye chupa yenye jeli, sukari na homoni. Homoni moja inaita majani, nyingine mizizi. Ukizidisha kidogo, unapata donge tu. Nimeharibu mengi, ungenicheka: wewe ulitupa kokwa nyuma ya jiko ukapata mwembe.

Nyama ile ni ya mti mama peke yake, kwa hiyo miche yake itazaa embe lako lilelile. Ila ndani ya kokwa kuna kiini kimoja chenye baba, mti usiojulikana, ambao nzi walileta chavua yake. Hicho Madame anaamuru kitupwe, maana hakuna ajuaye kitazaa nini. Kimoja kilinishinda kutupa. Nilikipa chupa yake. Madame alikiona, akaniangalia, akairudisha chupa rafuni.

Mama, siku tuliyopotezana tukikimbia kwenye barabara ya Misisi, askari walinikamata. Baba wa mtoto simjui. Mtoto namjua: anakaribia miaka mitano, anapenda ndagala, visamaki vya ziwa letu, na akicheka anafunika mdomo kama wewe. Niliogopa utamtazama umwone askari. Ndiyo maana sikurudi.

Wakati wa Pasaka nataka kushuka botini mwaloni pa Baraka na miche mitatu. Miwili ni ya mwembe wako. Wa tatu ni ule wenye baba. Naomba usiung'oe kabla haujazaa. Kama hutaweza kutupokea, mwambie mjomba, nitaelewa, ingawa nitalia.

Nisalimie majirani wote, na Dada Émilienne.

Ni sisi wanao,
Clarisse, na mjukuu wako, niliyempa jina lako, Pulchérie.