Nilivyomharakisha Shianda

Mama Nafula mpenzi,

Pokea salamu zangu, zina baridi ya huku ughaibuni lakini zimetoka moyoni. Mimi ni mzima, hata mashavu yameanza kujaa. Mama amepona kifua? Na miwa ya kando ya mto imefika kiunoni?

Kazi ni ile ile ya kumtunza Mzee Walter. Macho yake yamefifia, lakini besiboli haimtoki kichwani. Ana mchezo kwenye kompyuta ambapo unakuwa meneja wa timu: unasajili vijana, unawalea, na mwaka mzima unapita kwa dakika chache. Yeye huamuru, mimi hubonyeza. Aliniruhusu nitengeneze mchezaji wangu mmoja, nikamwita Shianda, angalau nilisikie jina la nyumbani kila siku.

Mle ndani kuna vipimo viwili: kimoja cha wachezaji kukua upesi, kingine cha kuchakaa upesi. Mzee aliposinzia nikavivuta vyote hadi mwisho, nikidhani kila kitu kikienda mbio ni faida. Unanijua, ni mimi niliyemwaga mbolea mara mbili nikaunguza miwa ya baba. Weh! Akiwa na miaka kumi na tisa, Shianda alikuwa anagonga kila mpira. Nilicheza ngoma yetu ya isukuti peke yangu sebuleni. Alipofika ishirini na tatu, mikono ikaishiwa nguvu na timu ikamwacha.

Mzee alipoamka nikamweleza. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Ulikuwa na haraka ya kwenda wapi?"

Swali hilo nimetembea nalo wiki nzima. Nilikusukuma umwombe mwalimu amrushe Nafula gredi nzima, na muhula ulipoanza ukanipigia simu ukasema, "Baba Nafula, huyu mtoto analianga kila asubuhi kabla ya shule." Nikakujibu kwa ukali kwamba atazoea. Nisamehe, mke wangu. Mimi mtu wa miwa najua muwa mchanga hauna sukari, na bado nilitaka kuukata. Jumatatu mrudishe kwa wenzake.

Mchezo nao tumerudisha vipimo katikati tukaanza upya. Shianda sasa anakosa mipira mingi na kukaa benchi, na ninafurahi kumtazama.

Nisalimie mama, ndugu yangu mkata miwa, na mjomba fundi wa baiskeli. Ile ingokho nyeusi, kuku wangu wa kunipokea, isichinjwe kabla sijafika!

Nafula akiuliza kwa nini anarudi, asifikiri ameshindwa. Mwambie baba yake ndiye alikuwa na haraka, na sasa ametulia.

Mumeo akupendaye,
Baba Nafula