Jino la Mwisho

Mkuu, Rombo
Agosti 1953

Dada Aikande,

Shikamoo, kama masikio yako ya huko Tarakea bado yanasikia. Ng'ombe amezaa jike, na kahawa imeiva vizuri. Mimi nakula mtori tu, tena bila kucheka.

Unamkumbuka yule kijana Mzungu wa chuo kikuu, aliyekuja kutusoma sisi Wachagga kama hesabu? Aliniuliza mara sita mzee hukabidhi lini kihamba chake, shamba la migomba la ukoo. Wewe ulikuwa unamimina mbege. Nikamwambia, "Siku jino lake la mwisho likidondoka, mwanawe anachukua." Ukacheka mpaka kata ikakuponyoka. Yeye akaandika.

Sasa maneno yale yamekuwa kitabu. Mwanangu Yoramu, anayejua Kiingereza, amekipeleka barazani. Anataka kung'oa migomba yote apande kahawa, na mimi nihamie banda la mbuzi. Nikasema nilikuwa natania. Hakimu akanijibu, "Mzee, ulipokuwa na meno mengi hukusema hivyo."

Nimebaki na moja, la mbele, nalo linacheza. Kila asubuhi Yoramu ananiamkia, "Shikamoo, baba," halafu anainama kutazama mdomo wangu. Namwitikia kwa pua.

Shahidi wangu ni wewe peke yako. Baraza ni Jumatano ijayo. Panda lori la mahindi, uje uwaambie ulivyocheka siku ile.

Ila ukifika, dada, nakusihi usinichekeshe.

Mdogo wako, mwenye jino mpaka leo,
Nderingo