Upande wa Kushoto

Maretadu, 3 Juni 2024

Mwanangu Paskalina,

Habari za Katesh? Hujambo? Sisi wazima, mahindi yanakauka vizuri. Naandika kwa sababu ukipiga simu nasikia upepo tu. Mtandao wa huku takataka.

Ile ampilifaya niliyonunua Lubumbashi, enzi za malori, Wakongo wakiniita Bosi, imekufa upande mmoja. Spika nimeziweka pande mbili za kiti, kimo cha masikio, kama matajiri. Ya kulia inaimba, ya kushoto bubu. Wewe umesomea ufundi, mimi nina akili ya kuzaliwa. Niguse wapi?

Baba yako mdogo,
Baltazar wa Nchi Tatu

Katesh, 10 Juni

Baba mdogo, shikamoo. Mama mdogo Natalia hajambo?

Tafadhali usifungue kifuniko! Ndani hubaki umeme hata ukichomoa waya ukutani. Zima, kisha badilisha nyaya za spika, waya wa kulia uende kushoto. Ukimya ukihamia kulia, ampilifaya ni mbovu. Ukibaki palepale, ni spika.

Mwanao,
Paskalina

Maretadu, 18 Juni

Mwanangu fundi, salamu nyingi. Tu wazima, isipokuwa nayumba kidogo. Juzi nilianguka mlangoni pa kanisa, wakasema nimelewa. Mimi! Tangu Kwaresima sijagusa kitu.

Nimebadilisha nyaya: kushoto kimya. Nikahamisha spika zenyewe. Ile bubu kuiweka kulia, ikaimba! Ile nzima kuiweka kushoto, ikanyamaza! Basi nimejua, ile kona ya nyumba inameza sauti. Nimemwita katekista Onesphory aje na maji ya baraka. Natalia anasema zote zinaimba, lakini huyo ananipoza tu.

Baba yako mdogo,
Baltazar wa Nchi Tatu

Katesh, 24 Juni

Baba mdogo, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na sikucheka. Geuza kiti, spika usiziguse. Ukae ukiangalia upande uliokuwa umeupa mgongo. Kama ile ya kona itaimba na ile nyingine ikanyamaza, achana na ampilifaya. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Waambie na habari ya kuyumba. Nakuomba.

Mwanao,
Paskalina

Maretadu, 11 Julai

Mwanangu,

Hujambo? Natalia anakusalimu, analia akidhani simsikii. Ni kweli, nilimwona tu.

Niligeuza kiti. Ile ya kona ikaimba. Ukimya uligeuka pamoja na mimi. Sikukuambia pia kwamba shavu la kushoto lina ganzi. Nilidhani ni jino.

Nilikwenda. Daktari akaniwekea chuma kinacholia kwenye paji la uso, nikakisikia sikio la kulia tu. Sasa wanataka nikapigwe picha ya kichwa huko Moshi. Nikamuuliza, "Ninyi mafundi mkishafungua, huwa mnafunga?" Akacheka, lakini akaacha kucheka kabla yangu.

Mimi niliyelala chini ya lori porini Kongo, naogopa Moshi. Safari ni Jumatatu ya tarehe 22. Njoo twende wote. Hospitalini ukae kulia kwangu, nisikie wanachosema hata kama ni kibaya.

Baba yako mdogo