Mdomo wa Mbinya

Ijumaa, 12 Septemba 2025

Simu kutoka shuleni saa sita, nikitia kola kwenye shati la mtoto wa gredi ya nne. Ni Mwalimu Musyimi, naibu wa mkuu. Binti yangu Mbinya amepewa sufuri katika mock, mtihani wa majaribio, Kiingereza karatasi ya kwanza. Nifike Jumatatu bila kukosa. Nikauliza ni sufuri ya namna gani. Akasema ya kunong'onezana.

Mbinya! Huyu ambaye hata kanisani hanong'oni.

Jioni amerudi, ameweka begi, ameenda kunywesha mbuzi. Sikumuuliza kitu. Mama yake, marehemu Syokau, ndiye alikuwa anajua wakati wa kuuliza. Alingoja mtoto aanze kuchambua maharagwe, mikono iwe na kazi, ndipo anauliza kama mtu anayeuliza habari za mvua. Leo hatukuwa na maharagwe.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimepanda hadi shuleni. Ofisini tulikuwa wengi kuliko viti. Mwalimu Musyimi. Mwalimu Yvonne, huyu msichana wa Kitui aliyeletwa kushika madarasa ya Syokau baada ya mazishi. Mbinya. Fahim anayeketi dawati la pili kutoka lake, na mama yake Mwanahamisi, ambaye mimi hununua kitambaa kwake sokoni Mbumbuni.

Musyimi alisema aliona kwa macho yake. Mbinya vidole kooni, mdomo unacheza, na Fahim pale karibu anaandika.

"Mwalimu," akasema Mwanahamisi, "huyu nikimwita kutoka mlangoni kwa sauti yangu hii, hasikii. Ndiye asikie mnong'ono?"

"Mama, mimi nasikia," akasema Fahim.

"Unasikia sufuria ikifunuliwa."

Hata Musyimi aliinamisha kichwa ili tusimwone akicheka.

Yvonne akachukua karatasi ya maswali, akaiweka mbele ya Mbinya, akamwambia afanye kama alivyofanya siku ile. Maneno manne ya Kiingereza, uchague moja linalotamkwa tofauti na mengine. Mbinya akaweka vidole viwili kooni. Midomo ikaenda. Sauti hakuna kabisa. Akaonyesha la tatu.

"Ni mafunzo ya Mwalimu Syokau," Yvonne akasema. "Darasa zima wako hivyo, ila huyu amezidi. Nilipokuja mara ya kwanza nilidhani wanasali."

Musyimi aliivuta karatasi kwake. Yeye alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza, mwezi wa pili. Baadaye alichukua kalamu na kurudisha alama, za Fahim na za Mbinya. Mbinya alikuwa amepata arobaini na saba kati ya sitini.

Lakini aliponisindikiza hadi getini alisema maneno ambayo nimeshuka nayo mlima wote. Hapa shuleni tunamjua mtoto. Novemba, kwenye mtihani wa taifa, atakuja msimamizi kutoka mbali, na askari mlangoni. Huyo hajui Syokau ni nani. Ataona mdomo unacheza. Akiandika ripoti, haitapotea karatasi moja tu, unaweza kupotea mtihani wote.

"Baba Mbinya," akasema, "ufunge huo mdomo kabla ya Novemba."

Jumatano, 17 Septemba

Leo nimenunua maharagwe makusudi.

Nilimwomba anieleze mtihani wenyewe, maana mimi niliishia darasa la nane. Nimeshona sare za watoto wanaoufanya miaka mingi lakini sijawahi kuuliza una nini ndani. Alinieleza vizuri, kama mama yake, akitenga maharagwe mabovu.

Karatasi ni tatu. Ya kwanza ina barua au kitu cha namna hiyo, hata maagizo ya kupika, alama ishirini. Halafu habari fupi yenye mapengo ya kujaza, kumi. Halafu kuongea, thelathini. Ya pili ni kusoma na kuelewa, kipande cha kitabu walichosoma darasani, shairi, na sarufi, jumla themanini. Ya tatu ni kuandika tu: hadithi ya kubuni na insha mbili za vitabu, ishirini ishirini. Zote zikijumlishwa ni mia mbili, halafu wanazigeuza kuwa mia.

Nikamrudisha nyuma. Hiyo ya kuongea mnaongea na nani?

"Hatuongei na mtu, Baba. Tunaandika."

Mnaandika kuongea?

"Ndiyo. Wanakupa mazungumzo ya simu, upande mmoja haupo, unaujaza. Wanakuuliza utasimama namna gani ukihutubia watu. Utamwonyeshaje mtu kwamba unamsikiliza. Neno lipi linatamkwa kama lingine. Yote kwa kalamu, na ukumbi kimya."

Bado ninalifikiria jambo hilo ninapoandika. Alama thelathini za kuongea, na ukifungua mdomo umekosa.

Ndipo akanieleza kwa nini mama yake alianza ile ya vidole. Aliwaambia swali la mdomo msilijibu kwa macho, macho ya Kiingereza yanadanganya. Lipitisheni kooni, hata bila sauti, koo litawaambia.

"Basi lipitishe bila kucheza midomo," nikasema.

Alichambua muda. Kisha akasema, bila kuniangalia: "Nikifunga mdomo naona maandishi tu. Nikiyatamka, ni Mwaitu anayatamka. Namsikia yeye, namwandikia jibu."

Mwaitu, ndivyo alivyomwita mama yake. Maharagwe yalikuwa yameisha, nikaanza kuchambua yale aliyokwisha kuchambua.

Alhamisi, 18 Septemba

Mimi sauti ya Syokau imeanza kunitoroka. Uso ninao. Namna alivyosahihisha ninayo: hadithi ya mwanafunzi aliisoma mara ya kwanza kalamu ikiwa sikioni, asiandike kitu. Nilimuuliza sababu. Alisema kwanza ajue kama mtoto ana jambo la kusema, makosa hayakimbii. Maneno nayakumbuka. Sauti ndiyo inakuja ikiwa yangu.

Kwenye simu nina ujumbe wake wa sauti mmoja tu. "Baba Mbinya, usisahau uzi mweusi." Basi.

Na mtoto anamsikia kila siku, na mimi ndiye nimetumwa kumnyamazisha.

Jumamosi, 27 Septemba

Mwalimu Yvonne ametupa dawa: funda la maji mdomoni. Ukitamka, yanamwagika. Wafanye sehemu ya kuongea ya mitihani ya zamani wakiwa hivyo, mpaka wazoee.

Fahim ametumwa na mama yake waje kufanya pamoja. Wameketi kwenye benchi langu la wateja, mashavu yamejaa kama watu wenye matumbwitumbwi. Mteja mmoja aliingia akawasalimia, wakamtikisia vichwa. Akaniuliza kama ni kufunga kwa maombi. Fahim akacheka, maji yote juu ya karatasi na nusu ya sketi ya mtu.

"Kijana," nikamwambia, "hiyo sketi ni ya binti wa mchungaji."

"Basi imebarikiwa, Mzee."

Tulicheka. Mbinya alicheka mpaka akalazimika kumeza. Sijamsikia akicheka hivyo tangu Februari.

Halafu Yvonne alipita kusahihisha. Fahim amepanda kidogo, yeye anasema huwa anakisia tu. Mbinya bila maji hupata ishirini na sita kati ya thelathini. Leo, kumi na saba.

Tukaangaliana, mimi na mwalimu. Mbinya anataka ualimu wa Kiingereza, na kwa huo lazima Kiingereza kiwe juu. Nikauliza alama tisa ni kitu kikubwa?

"Inaweza kuwa daraja nzima, Baba Mbinya."

Na ripoti ya msimamizi je?

Alifunga begi lake. Ni msichana mwema, lakini yeye pia hajui.

Ijumaa, 17 Oktoba

Siku ya maombi ya watahiniwa. Wazazi tumepanda wote, wengine kwa boda, mimi kwa miguu. Watoto waliinua kalamu na vikasha vya hesabu, mchungaji akaviombea. Akasema Mungu akumbushe yaliyosomwa, kwa yasiyosomwa hatumsumbui. Watu wakacheka, lakini kalamu hazikushuka.

Mwanahamisi alisimama pembeni na akina mama wenzake wa sokoni, viganja vimefunguliwa, akiomba kwa namna yake. Alipomaliza aliniambia amewaombea wote wawili, lakini Fahim amemwombea mara mbili kwa sababu ya hali yake.

Nilimpa Mbinya kadi ya kumtakia heri. Mama yake ndiye angeijaza, ukurasa mzima, kwa Kiingereza cha kupendeza. Niliandika kwa Kikamba, mstari mmoja. Niliandika kwamba tuko pamoja.

Nilimtazama wakati wa sala. Wenzake wote walisema amina kwa sauti. Yeye midomo ilikuwa imebanwa kama mfuko ulioshonwa. Hata amina hakuisema. Amejizoesha kiasi hicho, na mimi ndiye sababu.

Jumapili, 26 Oktoba

Wiki nne hizi mazoezi kila siku. Kumi na tisa. Kumi na nane. Jana kumi na nane tena.

Amekuwa mkimya nyumbani pia. Anajibu ndiyo na hapana. Zamani akiosha vyombo alikuwa anajisemea, vipande vya hadithi, Kiingereza na Kikamba, yeye na masufuria. Nilizoea kushona nikisikia. Sasa nasikia masufuria tu.

Jumatatu, 3 Novemba

Ametoka asubuhi na mapema, sare nimeipiga pasi mwenyewe. Mlangoni nilitaka kumwambia kitu. Nikamwambia afunge kamba ya kiatu.

Karatasi ya kwanza asubuhi, ya pili kabla ya chakula cha mchana. Nimeshona suruali moja kutwa, na mguu mmoja nimeufumua mara mbili.

Alirudi alasiri. Nikampa chai. Nikangoja. Aliongea mwenyewe.

Msimamizi ni mama mmoja mrefu, hawamjui, kutoka upande wa Mtito Andei wanasema. Barua ilikuwa rahisi, mapengo pia. Kwenye kuongea, alifunga mdomo vizuri, maswali ya mwanzo yote. Kisha yakaja yale ya matamshi, na hakusikia kitu. Maandishi tu. Aliangalia muda mrefu. Alipoinua macho, yule mama alikuwa amesimama kando ya dawati lake.

"Alisimama sana, Baba. Halafu akaenda mezani kwake akaandika."

Nikauliza, polepole kama nilivyoweza: mdomo ulicheza?

"Sijui."

Hujui?

"Sijui, Baba. Lakini yote niliyajibu. Mwishowe nilisikia yote."

Alisema hivyo akinitazama, na sikuona hofu usoni mwake.

Jumanne, 4 Novemba

Hakuna simu kutoka shuleni. Nilitaka kumpigia Musyimi, nikaogopa kumkumbusha. Mwanahamisi alipita na kitambaa. Fahim amemwambia aliona yule mama akisimama, lakini mdomo wa Mbinya hakuuona, alikuwa na shida zake. Mwanahamisi akasema labda aliandika saa tu, wasimamizi huandika saa kila wakati. Labda.

Kesho karatasi ya tatu. Hadithi na insha mbili. Hakuna matamshi pale, kwa hiyo nilidhani tumevuka.

Lakini sasa hivi Mbinya amekuja kusimama karibu na cherehani, mwiko mkononi. Ameniambia hadithi hawezi kuiandika kimya. Sentensi lazima aijaribu mdomoni kwanza, ndivyo alivyofundishwa, na yule mama atakuwa palepale. Kisha ameuliza: "Kesho nifunge mdomo, Baba? Wewe ukisema nifunge, nitafunga."

Jibu la mzazi mwenye akili ni moja, na ninalijua. Limekaa hapa kwenye ulimi tangu Septemba. Nimemwambia nitamjibu tukila.

Amerudi jikoni. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi anajisemea huko ndani, yeye na masufuria. Siyashiki maneno. Nimesimamisha cherehani ili nisikie.

Ananiita. Chakula kimepakuliwa.